Treni ya mizuka inapogoma: tafuta ugonjwa kabla ya kushika brashi ya rangi

Kwenye bustani moja ya michezo ng'ambo ya Daraja la Nyali, Mombasa, kuna nyumba ndefu ya mbao na mabati ambayo watoto wa mtaani wanaiita nyumba ya majini. Ndani mna reli iliyojipinda kama utumbo, vigari vya watu wawili wawili, na giza. Ilikuwa imefungwa miaka kadhaa. Mwenyewe alipoamua kuifufua alianza na kile kinachoonekana: mafuvu yakapakwa rangi mpya, majeneza yakapigwa vanishi, ukuta wa mbele ukachorwa upya. Siku ya kujaribu, kigari kikaingia mlangoni, kikapita kona ya kwanza, kikapita ya pili, kikafa ya tatu. Ndipo tukaitwa sisi.

Naandika haya kwa fundi yeyote atakayekabidhiwa mashine kama hii, hasa karibu na bahari. Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu mashine haisemi ugonjwa wake, na mara nyingi dalili iko hapa na ugonjwa uko mita kumi nyuma. Aliyetutangulia alibadilisha mota mara mbili. Zote mbili zilikuwa nzima.

Ijue kwanza mashine yenyewe. Mtindo huu wa kigari juu ya reli moja ulianzishwa na Leon Cassidy huko Bridgeton, New Jersey, nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla yake safari za gizani zilipitia kwenye mifereji ya maji kwa mashua, na kuchimba mfereji ni gharama. Cassidy akaweka reli moja katikati ya njia, gurudumu la mbele la kigari likawa linaifuata popote inapopinda, na kampuni yake, Pretzel, ikauza vigari hivyo kwa bustani nyingi. Mwaka 1930 mtindo huo ukafika Blackpool, Uingereza, na huko ndiko jina la treni ya mizuka liliposhika. Uzuri wake kwetu ni kwamba hauna siri. Reli ya katikati hubeba umeme, kiatu kilicho chini ya kigari huisugua na kuuchukua, umeme hupita kwenye mota, kisha hurudi kupitia magurudumu na mabamba ya chuma ya njia. Fundi wa Changamwe mwenye mashine ya kuchonga chuma anaweza kutengeneza karibu kila kipande chake.

Kabla ya dalili yoyote

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo utie mfukoni mwako wewe mwenyewe. Reli iko uchi kwa urefu wote wa njia, na mtu akipiga magoti kufunga bolti ataigusa tu. Mashine nyingine za zamani zilibeba volti za kuua mtu. Ya kwetu tuliambiwa ni volti 48 za mkondo mnyoofu, kama wa betri, lakini hatukuliamini neno hilo mpaka tulipopima. Mita nayo ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima reli, kisha urudi ukaijaribu tena pale pa kwanza. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Kisha washa taa za kazi, zote. Siku ya kwanza tuliingia na tochi, na tochi ilituonyesha kile tu tulichokuwa tumeshakishuku. Siku ya pili tulitandika waya wa muda na balbu kila mita nne, na ndani ya saa moja tukaona mambo ambayo tungeyatafuta wiki nzima: mstari wa maji ukutani, njia za mchwa, nati zilizodondoka, waya uliounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni ya dukani.

Kigari kinasita, kinakufa konani, kikisukumwa kinafufuka

Hii ndiyo dalili kubwa, na ndiyo iliyokula muda wetu mwingi.

Wengi hupima reli kigari kikiwa kimesimama, wakiona volti zimekamilika wanailaumu mota. Lakini saketi isiyovuta mzigo husoma volti zake zote hata kama imeshikiliwa na uzi mmoja wa shaba. Pima kigari kikivuta. Sisi tulipakia magunia mawili ya mchanga, kila moja uzani wa mtu mzima, tukakiendesha pole pole huku mtu mmoja akisoma mita kwenye stesheni na mwingine akisoma konani. Stesheni ilisoma 47. Kona ya tatu ilisoma 29.

Volti 18 zimekwenda wapi? Hapo usibahatishe. Gawa njia katikati, pima, uone nusu ipi inapoteza. Igawe nusu hiyo tena. Ukibakiwa na viungo vichache, pima kila kiungo kwa kukivuka: ncha moja ya mita upande huu, ncha ya pili upande wa pili, kigari bado kikivuta. Kiungo kizima husoma karibu na sifuri. Kimoja cha kwetu kilisoma 16, na hakikuwa kwenye reli ya katikati ambayo kila mtu alikuwa ameisugua ikang'aa. Kilikuwa upande wa kurudi, chini ya bamba, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuinama. Mkanda wa shaba unaounganisha mabamba mawili ulifungwa kwa bolti ya chuma cha kawaida. Shaba na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Bolti ilibaki kichwa tu, na chini yake palikuwa na unga wa kijani na wa kahawia.

Kwa hiyo fuata umeme mpaka urudi nyumbani. Fundi akifikiria umeme huwazia unakokwenda, lakini katika treni hizi njia ya kurudi ndiyo inayokanyagwa, inayomwagiwa maji ya kuoshea na inayolaliwa na mchanga.

Ukishakipata kiungo, fungua, safisha nyuso zote mbili kwa msasa laini mpaka uone rangi halisi ya chuma, paka mafuta mazito ya jeli juu ya muungano baada ya kukaza, na tumia bolti isiyoshika kutu. Pamba ya chuma usiitumie kamwe ndani ya nyumba hii. Nyuzi zake hupeperuka, huangukia kwenye relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na viunganishi, na wiki ijayo utakuwa unatafuta shoti isiyo na chanzo. Wala usipake grisi juu ya reli yenyewe ukidhani unaisaidia. Grisi hushika mchanga, na mchanga husaga kiatu.

Kiatu nacho kikague. Kama springi yake imechoka, kitaruka kwenye kila kiungo na kupiga cheche, na kila cheche huacha kishimo kinachosababisha cheche nyingine. Kama kimeliwa upande mmoja tu, kigari kimeinama, nenda ukatazame beringi za magurudumu.

Asubuhi inagoma, saa saba mchana inakwenda

Dalili hii ilitusumbua mpaka mzee aliyeiendesha mashine hii tangu ujana wake akatuambia, "Wanangu, hii huamka na jua." Alisema kweli, na sababu yake ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu unapozidi kama asilimia 75, mpaka inajiyeyusha yenyewe. Hewa ya Mombasa hupita kiwango hicho karibu kila usiku. Vumbi la chumvi lililolala juu ya ubao wa viunganishi huwa maji ya chumvi alfajiri, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Mvujo mdogo unatosha kuifanya relei ishike isipotakiwa au breka ya usalama ianguke. Jua likipanda juu ya mabati, chumvi inakauka, ushahidi unapotea, na fundi aliyeitwa saa tano anaambiwa, "Sasa iko sawa."

Basi njoo saa kumi na mbili asubuhi. Fungua sanduku la viunganishi kabla halijapata joto, tazama kwa taa ya pembeni kama kuna utando unaong'aa, na pima mvujo wakati huo. Dawa ni kuosha kwa maji safi, naam, maji, baada ya kuzima na kuondoa kila kisichopaswa kulowa. Chumvi haifutwi kwa kitambaa kikavu, inayeyushwa. Tumia maji yaliyochujwa chumvi kama yale ya kuongezea kwenye betri, kausha kwa feni siku nzima, kisha funga sanduku kwa mpira mpya. Tuliacha humo balbu ndogo ikiwaka usiku kucha ili ndani pawe na joto kidogo kuliko nje. Ni njia ya zamani na inafanya kazi, hasa miezi ya kusi.

Wanaodhani haya ni ya kwetu tu watazame Coney Island, New York. Spook-A-Rama, treni ya mizuka ya mwaka 1955, iliingiliwa na maji ya bahari wakati wa tufani ya Sandy, Oktoba 2012. Sisi hatukupata mafuriko, lakini upepo wa miaka mingi ulikuwa umeingiza bahari ileile, kijiko kwa kijiko.

Mizuka inakwenda polepole na mota zake zinachoma mkono

Soma kibandiko cha mota kabla ya kuitukana. Mota tatu za humu zilitoka Marekani na zimeandikwa volti 120, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mtu alizitafutia transfoma ya kushusha volti 240 zetu hadi 120, akaona amemaliza. Transfoma haibadilishi hezi. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo mota ya aina hiyo huzunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi yake. Baya zaidi, kwa volti zilezile na hezi pungufu, chuma cha ndani hushiba usumaku, mkondo hupanda, na joto humaliza vanishi ya nyaya. Ukitaka kuibakisha mota hiyo, ipe kama volti 100 na ukubali kasi ndogo, au badilisha gia.

Pale ambapo mota ilikuwa imeshaungua, tuliweka mota za waipa za gari, volti 12. Zina nguvu, zina gia ya ndani, na zina kitu ambacho hakuna mota nyingine ya bei hiyo inayo: ukizizima hurudi zenyewe mahali pa kuanzia, kama waipa zinavyolala chini ya kioo. Mzuka unaorudi kwenye maficho yake kila mara bila kuhitaji swichi ya ziada ni nusu ya kazi. Mota za zamani tumezihifadhi kwenye sanduku na kuziandika zilipotoka, ili atakayekuja baadaye ajue asili ilikuwaje.

Mzuka unachelewa, au hautoki kabisa

Hapa kuna familia mbili. Wale wanaosukumwa kwa hewa huugua maji. Kompresa ikivuta hewa yetu huvuta na unyevu, na hewa ikishindiliwa kisha ikapoa, maji hujitenga. Yanashuka kwenye paipu, yanakaa kwenye vali, yanaiozesha. Toa maji ya tangi kila asubuhi kabla ya kufungua. Paipu ziwe na mteremko wa kurudi kwenye kompresa, na matawi yatoke juu ya paipu, si chini yake. Tulipofungua vali ya mifupa inayoinuka kwenye jeneza, ilitoka supu ya kahawia.

Wale wa swichi huugua mahali. Mashine hii ina vibao vidogo pembeni ya reli ambavyo gurudumu hukanyaga. Mbao zikivimba kwa masika kibao hakirudi, zikikauka kwa kaskazi kinabonyezwa nusu. Tulivihamishia kwenye vyuma vyake vyenyewe, visitegemee sakafu.

Halafu piga hesabu, kwani wengi hawapigi. Kigari chetu huenda kama mita 1 kwa sekunde. Mzuka wa ukutani huhitaji nusu sekunde kutoka kabisa. Basi swichi iwe nusu mita nyuma zaidi ya pale unapotaka macho ya abiria yakutane nao. Jaribu na kigari cha watoto wawili, kisha na cha watu wazima wanene wawili, maana kizito huchelewa na hesabu hubadilika. Chagua mahali ambapo wote wawili watashtuka, hata kama si mahali bora kwa yeyote kati yao.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini watu wanatoka wakipiga miayo

Dalili hii haipo kwenye kitabu chochote cha umeme, lakini ndiyo inayoua treni za mizuka. Nimeiona bustani ikitumia fedha nyingi kuongeza mizuka mipya kwa sababu ya zamani "haitishi", wakati ya zamani haikuwa na kosa.

Kwanza tazama mwanga unaovuja. Fanya hivi: saa saba mchana jua likiwa kali, zima taa zote, keti ndani dakika 20 bila simu. Kila tundu la msumari kwenye bati litakuwa nyota. Weka alama za chaki, tulizipata zaidi ya mia. Kaniki nyeusi za kuning'iniza mlangoni zilikuwa zimechanika, tukaenda kununua mpya. Na ukuta wa ndani upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Yule aliyeupaka nyeusi ya mafuta alitengeneza kioo, abiria wanajiona wenyewe wakipita.

Pili, jicho. Mtu anayetoka kwenye jua letu na kuingia gizani ni kipofu kwa muda, kwani jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na safari nzima ni dakika tatu. Mzuka mzuri kuliko wote ulikuwa umewekwa kona ya kwanza, na hakuna aliyeuona. Tulikubaliana kona ya kwanza iwe ya sauti tu na upepo wa feni shingoni, na foleni ya nje ipigiwe paa la makuti ili macho yaanze kupumzika kabla ya mlango.

Tatu, taa za urujuanimno. Mirija ya zamani yenye kioo cheusi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 365, ambao jicho haliuoni ila rangi maalumu huuitikia. Taa nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo ni za nanomita 395, na hizo hutoa ukungu wa zambarau unaoonyesha kuta, nyaya na kila kitu ulichotaka kukificha. Mwanga huohuo ndio unaozeesha rangi za mafuvu. Ziwake kigari kinapokaribia, zizime kinapopita.

Na kuna jambo ambalo mafundi wa nchi za baridi hawalifikirii sana. Siku kubwa ya bustani hii ni Idd, na siku ya Idd wanaume na watoto huja na kanzu nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga. Sabuni hizo zina viangazaji vinavyoitikia urujuanimno. Kigari kikipita chini ya taa, kanzu inawaka kuliko mzuka. Geuza taa zitazame mbali na njia, uziwekee vizuizi vya bati jeusi, kisha ujaribu ukiwa umevaa kanzu safi.

Chumba cha kioo tulikisafisha tu. Ule ujanja wa kioo kilichoinamishwa ili sura ya mtu aliyefichwa ielee hewani ulipewa umaarufu na John Henry Pepper jijini London mwaka 1862, na Disneyland iliutumia kwenye jumba lao la mizuka lililofunguliwa mwaka 1969. Kosa lake kwetu lilikuwa moja: utando wa chumvi juu ya kioo hushika mwanga na kukisaliti. Maji safi, kitambaa laini, kila wiki.

Harufu ya uvundo, mbao laini, rangi yenye malengelenge

Malengelenge ya rangi kwenye chuma maana yake ni kwamba chumvi ilibaki chini. Kwangua kutu, osha kwa maji safi, acha pakauke, paka rangi ya zinki ya kuzuia kutu, ndipo uje na rangi ya juu. Kuruka hatua ya kuosha ni kutupa pesa, na utaona matokeo kabla mwaka haujaisha.

Mchwa walikuwa wameshaingia kwenye sura za karatasi na gundi, wakaziacha ngozi tupu. Piga piga kwa kidole, sikiliza mlio. Boriti za mikoko zilizoshika paa zilikuwa salama, plaiwudi ya baadaye ndiyo iliyooza. Nyumba inahitaji kupumua, na unaweza kuipa hewa bila kuipa mwanga: tundu la hewa lenye kona mbili ndani, zote zimepakwa nyeusi isiyong'aa. Hewa inapinda, mwanga haupindi. Wavu wa waya utie nje, popo wasirudi.

Hakuna dalili yoyote

Sehemu hii naomba isirukwe. Tarehe 9 Juni 1979 treni ya mizuka ya Luna Park, Sydney, Australia, iliungua na watu 7 wakafa, 6 kati yao watoto. Tarehe 11 Mei 1984, huko New Jersey, nyumba ya mizuka ya kutembea kwa miguu iliua vijana 8. Haikuwa na vinyunyizio vya maji wala vigunduzi vya moshi. Nyumba hizi zimejengwa kwa giza, vitambaa, njia za kupotea na watu wanaotarajia kusikia mayowe. Mtu akipiga yowe la kweli, nani atajua?

Tuliyoyafanya ni haya. Sponji ya godoro iliyofungwa kwenye kila kona ili vigari visichubuke tuliitoa yote, mzigo wa pikapu mbili, kwa sababu sponji hiyo hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Mahali pake tuliweka mipira ya matairi nje tu, kwenye stesheni, na ndani tukapunguza kasi. Kaniki zote tulizichovya kwenye maji ya moto yenye boraksi na asidi ya boriki, kwa uzani 7 kwa 3, tukazianika. Kata kipande, kipeleke nje, kishikie kiberiti: kinapaswa kuwa cheusi na kuzimika kiberiti kikiondolewa. Kaniki ikifuliwa au ikinyeshewa, dawa imeondoka, rudia. Milango ya dharura ifunguke kwa nje kwa kusukumwa na mtoto wa miaka saba. Taa za betri zijaribiwe kwa kuzima stima kabisa, si kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Na swichi moja ya taa za kazi iwe inazima mizuka, inakata sauti na kuwasha nyumba kwa pamoja. Kila kijana wa zamu aitembee njia yote kwa miguu, akiinama, mkono ukutani, macho yamefungwa kitambaa, mpaka afike mlango wa nje. Mwenyewe alilalamika kwamba vibao vya kijani vya kutokea vinaharibu giza. Tulimwonyesha pa kuviweka visipige njia, lakini kuviondoa tulikataa, na tungeiacha kazi.

Kigari kinagonga cha mbele

Kama hakuna mtu aliyechezea relei za kugawa njia (zinazoigawa sehemu sehemu, kigari kimoja kila sehemu), karibu kila mara ni mwendeshaji ametuma kigari kabla ya taa yake kuruhusu, au kiatu kinapoteza mawasiliano na relei inadhani sehemu ile ni tupu. Safisha, jaribu kila sehemu kwa kusimamisha kigari humo kwa makusudi. Usifungue kwa watu mpaka kigari cha nyuma kisimame chenyewe kila mara.

Kelele ambazo si ugonjwa

Chumba kimoja kilikuwa tupu kabisa, sura zake zimeliwa zote na hakuna picha ya kuonyesha zilivyokuwa. Wengine walitaka mizuka yote ibadilishwe iwe ya kwetu. Mimi nilipinga: mafuvu na majeneza yale ni ya nyumba hii, yamewatisha wazazi wa watoto wanaokuja leo. Lakini chumba kitupu kilikuwa halali yetu. Hatukuweka sanamu. Tuliweka giza kamili, na nyuma ya mgongo wa abiria, mota ya waipa inayogonganisha vifuu viwili vya nazi juu ya ubao. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha karibu zaidi. Mtoto wa Mombasa hahitaji kuelezwa ni mwanamke gani anayetembea kwa kwato usiku.

Kwa hiyo ukiisikia sauti hiyo, usiitafute hitilafu. Mvumo wa chini wa reli nao ni salama, ukigeuka kuwa mchakaricho kama mafuta ya moto yanayopokea kitunguu, kiatu kinataka kusafishwa siku hiyohiyo. Kishindo cha mlango unapogongwa na kigari ni cha asili, lakini vishindo viwili vinavyofuatana maana yake springi ya mlango imekatika. Bawaba ya mlango wa mwisho inalia kwa muda mrefu kama mtu anayeamshwa. Tuliipaka mafuta siku ya kwanza, na mzee akaja kutuuliza kwa huzuni tumeifanya nini. Tukaifuta kwa petroli kidogo nje ya nyumba, tukairudisha. Pini yake ya chini, ambayo ndiyo inayobeba uzito, ina grisi. Ya juu iacheni ikauke.